Panya, Panadol na swali la miaka miwili

Katika maabara nchini Marekani, panya walilishwa parasetamoli kwa miaka miwili. Hawakumezeshwa vidonge. Dawa ilichanganywa kwenye chakula chao cha kila siku, wakaila tangu ujana hadi uzee. Kundi la kwanza halikupewa dawa kabisa. La pili lilipewa chakula chenye gramu 0.6 za parasetamoli katika kila kilo, la tatu gramu 3, na la nne gramu 6, kiasi cha vidonge 12 vya miligramu 500 ndani ya kilo moja ya chakula. Kila kundi lilikuwa na madume 50 na majike 50. Zoezi hilo lilifanywa kwa panya wakubwa wa ukoo unaoitwa Fischer 344, likafanywa vilevile kwa panya wadogo wa ukoo wa B6C3F1. Ukijumlisha, ni wanyama wapatao 800.

Aliyeuliza swali, kama dawa hiyo inaleta saratani, ni chombo cha serikali ya Marekani kinachochunguza sumu, National Toxicology Program, na ripoti yake ilitoka mwaka 1993. Wengi wetu tumemeza Panadol, jina la dukani la parasetamoli, tangu utotoni bila kuisikia ripoti hiyo ikitajwa. Mama hukipasua kidonge vipande viwili akampa mtoto mwenye homa, fundi hununua viwili kabla ya kupanda juu ya paa, mwanafunzi huvibeba mfukoni wakati wa mitihani. Dawa inayotumiwa hivyo, na watu wengi hivyo, inastahili mtumiaji ajue ilipimwaje, nani aliyepimwa badala yake, na jibu lililopatikana linafika wapi.

Miaka miwili haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Panya wa maabara huishi miaka miwili na nusu hivi, mara chache mitatu. Saratani nyingi huchelewa kujitokeza, kwa hiyo ukitaka kujua kama dawa inaileta inakubidi usubiri mnyama azeeke. Kwa binadamu kusubiri huko kungechukua miongo mingi. Kwa panya, mtafiti mmoja anaweza kuanza na kumaliza akiwa bado kazini.

Kazi yenyewe hasa huanza wanyama wanapokufa. Wale wanaofikisha mwisho wa muda huuawa kwa utaratibu uliowekwa, kisha kila mwili hufunguliwa na kukaguliwa: ini, figo, kibofu, mapafu, ubongo, tezi, tumbo, ngozi, uboho wa mifupa. Kila kiungo hukatwa kipande, kikatiwa kwenye formalini ili kisioze, kikanyonywa maji, kikazamishwa kwenye nta ya moto. Nta ikipoa, mashine yenye wembe hukata slesi yenye unene wa maikroni tano hivi, nyembamba kiasi kwamba fundi huielesha juu ya maji ya uvuguvugu ili ijinyooshe kabla hajaichota kwa kioo. Kisha hutiwa rangi mbili: viini vya seli hugeuka zambarau, sehemu nyingine huwa waridi. Panya mmoja hutoa tishu zipatazo 40. Kwa wanyama 800 ni vioo maelfu kwa maelfu, na kila kimoja husomwa na mtaalamu wa patholojia chini ya darubini. Matokeo yenye uzito husomwa tena na mtaalamu mwingine. Wakitofautiana, jopo huitwa kuamua.

Jibu lilikuwa hili. Panya wadogo, madume kwa majike, hawakuonyesha ushahidi wa saratani iliyoletwa na dawa. Panya wakubwa madume nao hawakuonyesha. Kwa majike wakubwa watafiti waliandika kwamba ushahidi ni wa utata, kwa sababu aina moja ya saratani ya damu iliongezeka, hasa katika kundi lililokula gramu 6. Figo za panya wakubwa nazo zilichakaa zaidi ya zile za wenzao waliokula chakula kitupu.

Msomaji anaweza kushtuka kwa neno saratani ya damu, na ni haki yake. Lakini hapo ndipo mtu anapohitaji kumjua mnyama kabla ya kulisoma jibu lake. Panya wa ukoo wa Fischer 344 hupata saratani hiyohiyo wakizeeka hata kama hawajawahi kuonja dawa yoyote, tena kwa wingi. Kundi moja likiwa na wagonjwa wengi kuliko jingine, ni vigumu kusema kama dawa ndiyo iliyosababisha au ni desturi ya ukoo ule kupanda na kushuka. Miaka iliyofuata, chombo hichohicho cha Marekani kiliacha kutumia ukoo huo na kuchukua mwingine. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, lilipitia ushahidi wote mwaka 1999 na kuiweka parasetamoli katika kundi la vitu ambavyo ushahidi hautoshi kusema kama vinaleta saratani kwa binadamu au la. Desemba 2019 kamati ya wataalamu wa jimbo la California, jimbo lenye orodha ndefu na kali ya vitu vinavyoleta saratani, ilipewa lundo lote la tafiti za wanyama na za watu. Ilikataa kuiingiza parasetamoli kwenye orodha.

Nalichukua jibu hilo kama habari njema, kwa kiwango chake. Mnyama wa maabara hujibu alichoulizwa, kwa dozi aliyopewa, kwa umri aliofikishwa na kwa mwili aliozaliwa nao. Asichoulizwa hakijibu. Historia nzima ya dawa za kutuliza maumivu ni historia ya maswali yaliyoulizwa kwa kuchelewa, au yaliyoulizwa kwa mnyama asiye sahihi, au yasiyoulizwa kabisa.

Tuanze na sababu ya mtu kuishuku parasetamoli. Parasetamoli ina mzazi. Mzazi huyo anaitwa fenasetini, na kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliiingiza sokoni mwaka 1887. Mtu akiimeza, mwili wake huigeuza sehemu kubwa kuwa parasetamoli, na hiyo ndiyo inayotuliza maumivu. Kwa zaidi ya miaka 70 fenasetini iliuzwa karibu dunia nzima, mara nyingi ikichanganywa na aspirini au kafeini ndani ya poda moja, na watu wakaizoea.

Katika mji wa Huskvarna, kusini mwa Sweden, kulikuwa na kiwanda kikubwa cha silaha. Homa kali ya mafua ilipoikumba dunia mwaka 1918, daktari wa hapo, Hjorton, alitengeneza poda yenye fenasetini, fenazoni na kafeini. Homa ilipita, poda ikabaki. Wafanyakazi waliendelea kuitumia, si kwa ajili ya maumivu tu bali ili waweze kufanya kazi na kwenda na kasi ya kiwanda. Miaka ikasonga. Watu wa Huskvarna wakaanza kufa kwa ugonjwa wa figo zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Daktari Grimlund alilifuatilia jambo hilo na kulichapisha mwaka 1963. Uswisi walikuwa wameshaanza kuliona: mwaka 1953 Spühler na Zollinger walikuwa wameeleza uharibifu wa figo wa aina hiyo kwa watu waliotumia dawa za maumivu kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Sweden wakaongeza jingine, saratani ya sehemu ya figo inayokusanya mkojo, kwa watu walewale waliozoea poda.

Na panya je? Panya waliulizwa baadaye sana. Mwaka 1979 watafiti wa Japan walichapisha jaribio ambalo panya wakubwa walilishwa fenasetini kwa muda mrefu ndani ya chakula. Walipata uvimbe wa saratani kwenye njia ya mkojo na kwenye matundu ya pua. Ushahidi ulikuwa wazi, kiungo kilekile kilichowaua watu kilionekana kwa mnyama. Lakini ulikuja miaka 92 baada ya dawa kuingia dukani. Marekani iliiondoa fenasetini mwaka 1983. Leo shirika lile la WHO linaihesabu miongoni mwa vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu.

Jambo hili linaniuma. Chombo cha kulitambua tatizo kingeweza kuwepo mapema: panya, chakula, miaka miwili ya subira na mtu wa kusoma vioo. Hakuna aliyeuliza kwa sababu dawa ilikuwa imezoeleka, na kilichozoeleka hakishukiwi. Wanaosema majaribio ya wanyama hayana faida hata kidogo wangepaswa kufika Huskvarna kwanza.

Uswisi walifanya jambo jingine ambalo nalithamini zaidi. Kuanzia mwaka 1968 timu ya Dubach ilikwenda viwandani ikapima mkojo wa wanawake wenye afya, wa umri wa miaka 30 hadi 49, kuona nani anatumia fenasetini mara kwa mara. Ilipata zaidi ya 600 waliokuwa wakiitumia, ikawalinganisha na idadi karibu sawa na hiyo ya wasioitumia, na ikawafuatilia hadi mwaka 1987. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991. Wanawake waliotumia dawa walikufa zaidi kwa magonjwa ya figo na njia ya mkojo, kwa saratani, na kwa magonjwa ya moyo na mishipa. Wale hawakuwa panya. Walikuwa wafanyakazi wa viwandani waliokwenda kazini asubuhi na kurudi jioni, na mtu aliwafuatilia kwa miaka karibu 20.

Sasa turudi kwa parasetamoli yenyewe, kwa sababu hatari yake kubwa haiko kwenye saratani. Iko kwenye ini, na hatari hiyo ilikaribia kufichwa na panya mkubwa.

Mwaka 1966, katika Chuo Kikuu cha Queen's mjini Kingston, Canada, Boyd na Bereczky waliwapa panya dozi kubwa sana za parasetamoli ili kujua kikomo cha uvumilivu wao. Walipofungua miili waliona seli za ini zimekufa. Mwaka huohuo madaktari wa Edinburgh, Scotland, walitoa taarifa ya wagonjwa waliokufa kwa kuharibika ini baada ya kumeza parasetamoli nyingi mno. Wakati huo dawa ilikuwa imeuzwa Uingereza kwa miaka kumi, tangu 1956, na ilisifiwa kuwa salama kuliko aspirini kwa sababu haichubui tumbo.

Kwa nini haikujulikana mapema? Sababu moja ni kwamba panya mkubwa huivumilia parasetamoli kuliko wanyama wengine wengi. Dozi inayomuua panya mdogo, panya mkubwa huihimili mara kadhaa. Kuanzia mwaka 1973 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, wakiongozwa na Mitchell na Jollow, walitumia panya wadogo na hamsta, wakapata maelezo. Sehemu kubwa ya parasetamoli hufungwa na ini na kutolewa kwa mkojo bila madhara. Sehemu ndogo hugeuzwa kuwa kemikali kali inayoshambulia seli. Ini lina akiba ya kinga inayoitwa glutathioni, nayo huikamata kemikali hiyo kabla haijaleta madhara. Dozi ikizidi, akiba huisha. Watafiti waliona kwamba panya alipopoteza kati ya asilimia 70 na 80 ya glutathioni yake, seli za ini zilianza kufa. Panya mkubwa hutengeneza kemikali hiyo kwa uchache, ndiyo maana alionekana salama. Mtu aliyemtegemea yeye peke yake angesema hakuna tatizo.

Kutoka kwa panya wadogo na hamsta wale ilitoka tiba. Kama shida ni akiba kuisha, basi mpe mgonjwa malighafi ya kutengenezea akiba nyingine. Mwaka 1977 Prescott na wenzake wa Edinburgh walionyesha kwamba asetilisisteini, ikidungwa mapema kwenye mshipa, huliokoa ini la mtu aliyezidisha parasetamoli. Hadi leo hiyo ndiyo dawa inayotumika hospitalini. Saa ndizo zinazoamua: ikitolewa ndani ya saa nane tangu mtu ameze, huokoa karibu kila mmoja. Mgonjwa huweza kujisikia nafuu siku ya kwanza, akarudi nyumbani, na ini likaendelea kufa ndani kwa ndani hadi siku ya tatu au ya nne. Kwa hiyo aliyezidisha dozi apelekwe hospitali hata kama anacheka.

Paka naye ana somo lake, na nalitaja kwa ajili ya wenye kufuga. Mwili wake hauna uwezo wa kutosha wa kuifunga parasetamoli, na kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Mbwa naye hapaswi kupewa ibuprofeni. Hili lilionekana tangu dawa hiyo ilipokuwa ikipimwa katika kampuni ya Boots mjini Nottingham, Uingereza: mbwa waliopewa dozi ambazo kwa uzito wa mwili zinakaribia zile tunazomeza sisi walipata vidonda vya tumbo.

Ibuprofeni ina ndugu aliyetangulia, na kisa chake kinasomwa kidogo kuliko kinavyostahili. Stewart Adams, mwanafamasia wa Boots, alitafuta kwa miaka mingi dawa ya baridi yabisi isiyo na ukali wa aspirini. Yeye na wenzake walipima kemikali zaidi ya 600, wakianza na simbilisi: walinyoa manyoya ya mgongoni, wakaichoma ngozi kidogo kwa mwanga wa urujuanimno, kisha wakatazama kama kemikali inazuia wekundu usitokee. Moja ya zilizofaulu ilikuwa ibufenaki. Wanyama waliivumilia, ikaingia sokoni Uingereza mwaka 1966. Mwaka 1968 iliondolewa, kwa sababu wagonjwa waliotumia kwa muda mrefu walikuwa wakipata manjano. Ini la binadamu lilisema neno ambalo maini ya wanyama hayakulisema. Kampuni ikarudi kwa kemikali iliyofuata, ikaitoa mwaka 1969 kwa jina la Brufen. Hiyo ndiyo ibuprofeni tuliyonayo, na kwa upande wa ini imekuwa salama kwa watu wengi mno.

Somo la kuchagua mnyama lilifika kileleni kwa njia isiyotarajiwa na mtu yeyote. Diklofenaki, nayo dawa ya kutuliza maumivu, ilipimwa kama dawa nyingine, ikatumiwa na mamilioni ya watu, kisha katika miaka ya 1990 ikaanza kupewa ng'ombe na nyati huko India na Pakistan. Katika miaka hiyohiyo tumbusi walianza kutoweka. Walikuwa mamilioni, jamii ya tumbusi wa mgongo mweupe ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Wengi walidhani ni virusi. Lindsay Oaks na wenzake walikusanya mizoga nchini Pakistan, wakaipasua, wakakuta moyo, ini na figo zimefunikwa na unga mweupe kama chokaa. Ulikuwa asidi ya yuriki: figo zilikuwa zimeacha kufanya kazi, na taka za mwilini zilikuwa zimeganda juu ya viungo. Ndege hao walikuwa wamekula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki. Ili kuthibitisha, watafiti waliwapa tumbusi waliofungwa nyama ya wanyama waliotibiwa, nao wakafa kwa ugonjwa uleule. Utafiti ulichapishwa mwaka 2004, na mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku diklofenaki ya mifugo.

Hapo Afrika iliingia kwa heshima. Ili kupata dawa mbadala, meloksikamu ilijaribiwa kwanza Afrika Kusini kwa tumbusi wa mgongo mweupe wa huku kwetu, kisha kwa wale wa Asia, na ikaonekana haiwadhuru. Ndege wa ukoo huohuo wanazunguka juu ya Serengeti na Maasai Mara. Madaktari wa mifugo wa Afrika Mashariki wanapaswa kuliweka jambo hili mbele ya macho yao kila wanapochagua dawa ya maumivu ya ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe akifa, tumbusi ndiye mteja wa kwanza.

Kuna swali jingine ambalo panya mzima mwenye miaka miwili hawezi kulijibu vizuri, nalo ni swali la mtu aliye tayari mgonjwa. Mwaka 1999 kampuni ya Merck ilitoa Vioxx, dawa ya maumivu ya viungo iliyosifiwa kwa kutochubua tumbo. Panya wa majaribio walikuwa na mioyo mizima na mishipa safi. Watu walioimeza walikuwa na umri mkubwa, shinikizo la damu, kisukari, sigara. Mwaka 2000 utafiti mmoja mkubwa kwa wagonjwa ulitoa ishara ya mshtuko wa moyo, na ishara hiyo ikapewa maelezo mepesi. Utafiti mwingine ulipoonyesha kwamba hatari huongezeka hasa baada ya miezi 18 ya matumizi, dawa iliondolewa sokoni tarehe 30 Septemba 2004. Daktari David Graham wa mamlaka ya dawa ya Marekani na wenzake walikadiria kwamba Marekani peke yake ilikuwa na wagonjwa wa moyo wa ziada kati ya 88,000 na 140,000. Kosa hapo halikuwa la panya. Watu walionyesha dalili, na waliopaswa kutazama hawakutazama kwa haraka iliyohitajika.

Nimefikiria sana kuhusu wanyama 800 wa ripoti ya mwaka 1993. Mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, walitoa kitabu kilichowataka watafiti wafanye mambo matatu: watumie njia isiyo na mnyama kila inapowezekana, wapunguze idadi, na wapunguze mateso. Mwaka 2022 mwongozo wa kimataifa unaofuatwa na mamlaka za dawa za Ulaya, Marekani na Japan ulibadilishwa, na kampuni sasa inaweza kuomba isifanye jaribio la panya la miaka miwili endapo ushahidi mwingine unatosha kuonyesha kama dawa ina hatari ya saratani au la. Nauunga mkono uamuzi huo. Kwa dawa ambayo jibu lake linaweza kupatikana kwa njia nyingine, hakuna haki ya kuwazeesha mamia ya wanyama kwenye vizimba. Kwa kemikali mpya isiyofanana na yoyote inayojulikana, bado ningetaka mtu aulize swali la miaka miwili kabla haijafika kwa mtoto wangu. Lakini ninachokataa kabisa ni mnyama kufa, jibu likaandikwa, kisha mtumiaji wa mwisho asilisikie. Kifo hicho kinakuwa cha bure.

Jibu linalotuhusu ni fupi. Mtu mzima asizidishe gramu 4 za parasetamoli kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na aache angalau saa nne kati ya dozi na dozi. Mwenye ugonjwa wa ini, mwenye mwili uliodhoofika kwa kukosa chakula, na anayekunywa pombe kwa wingi, aulize daktari kiwango chake, kwa sababu akiba yake ya glutathioni ni ndogo tangu mwanzo. Mtoto hupimiwa dozi kwa uzito, si kwa kukadiria nusu ya kidonge.

Kuna mtego ambao huwanasa hata waangalifu. Parasetamoli imejificha ndani ya dawa nyingi za mafua, na ndani ya vidonge vinavyochanganya diklofenaki na parasetamoli vinavyouzwa sana katika maduka yetu. Mtu humeza Panadol mbili kwa kichwa, dawa ya mafua kwa pua, na kile kidonge cha mchanganyiko kwa mgongo, akadhani ametumia dawa tatu tofauti. Ini linahesabu moja. Pindua pakiti usome maandishi madogo. Duka likikuuzia vidonge vilivyokatwa kutoka kwenye pakiti, bila jina wala tarehe, omba kuonyeshwa pakiti yenyewe.

Diklofenaki na ibuprofeni zina sheria zao. Zinaweza kuchubua tumbo hadi kutoa damu, huzielemea figo, na zikitumiwa muda mrefu kwa dozi kubwa huongeza hatari ya moyo na kiharusi. Mjamzito asizitumie bila ushauri wa daktari, hasa mimba ikishapita wiki 20. Na wakati wa mlipuko wa dengi, kama ule tuliouona Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, mtu mwenye homa asinywe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki kabla ya kupimwa, kwa sababu zinaweza kuongeza kuvuja damu. Maumivu yanayorudi kila siku kwa zaidi ya wiki yanahitaji kupimwa chanzo chake. Huskvarna ilianza hivyo, kwa poda moja asubuhi ya kazi.

Panya wamemaliza sehemu yao. Sehemu iliyobaki ni ya kwetu, kwa kuwa jaribio refu kuliko yote linaendelea katika miili ya watu wanaotumia dawa, na linahitaji mtu wa kuandika matokeo. Tanzania na Kenya ni wanachama wa mpango wa WHO wa kufuatilia usalama wa dawa, na taarifa za madhara kutoka nchi wanachama huwekwa pamoja mjini Uppsala, Sweden. Lakini taarifa isiyotumwa haiwezi kuhesabiwa. Ukimeza dawa ya maumivu ukaona macho yana manjano, mkojo umekuwa mweusi au umepungua, choo kimekuwa cheusi kama lami, ngozi imetoka malengelenge au pumzi inabana, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo na pakiti ya dawa mkononi. Mwambie mfamasia au mganga ajaze fomu ya madhara ya dawa na aipeleke Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kwa Tanzania Bara, Wakala wa Chakula na Dawa kwa Zanzibar, au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Mpe jina la dawa, namba ya toleo iliyoandikwa kwenye pakiti, siku uliyoanza kuitumia na dawa nyingine zote ulizomeza wiki hiyo. Akikuambia fomu hazipo, usiondoke. Omba aandike kwenye karatasi ya kawaida, aweke tarehe na atie saini.